Muhula Mmoja Ujerumani, Mwaka Mmoja wa Kusubiri Kisumu

Karatasi iliyozua kisa hiki ni ya ukurasa mmoja tu. Juu ina nembo ya chuo kikuu cha Ujerumani, chini mhuri na saini, na katikati kozi tano na alama tano: 1.3, 1.7, 2.0, 2.3 na 3.0. Mratibu wa mitihani wa idara moja, katika chuo kikuu kimoja cha umma huku ukanda wa ziwa, aliitazama, akavuta kikokotoo na kugawanya kila alama kwa tano. Akapata asilimia 26, 34, 40, 46 na 60. Kwa hesabu hiyo, kwa kuwa kwetu alama ya kupita ni 40, mwanafunzi aliyetoka ng'ambo alikuwa ameanguka kozi mbili, amepita mbili kwa kujikokota, na kufanya vizuri moja pekee.

Ujerumani alama huhesabiwa kwa kushuka. 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kupita, 5.0 ni kuanguka. Kozi iliyoonekana kumwokoa ndiyo aliyoifanya vibaya kuliko zote, na ile iliyosomwa kama 26 ndiyo aliyong'ara.

Kila ninayemsimulia hucheka hapo, kisha humlaumu mratibu. Nitafika kwa mratibu. Lakini kosa la kikokotoo lilisahihishwa kabla alama hazijaingia popote. Mwaka mzima uliompotea msichana huyu ulipotelea mahali pengine, na sehemu kubwa ulishapotea kabla hajapanda ndege.

Nitamwita Nyar Seme, yaani binti wa Seme kwa Kijaluo, kwa kuwa kwao ni Seme. Ameniruhusu kueleza mambo yake mradi jina lake na la chuo chake yabaki pembeni. Mimi nafundisha chuo kingine. Mama yake, mwenye kibanda cha mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu, ndiye aliyeniletea bahasha ya karatasi zote, akaiweka mezani na kusema kwa adabu iliyoficha hasira: "Mwalimu, hebu nisomee hizi. Huyu mtoto amesoma ama hajasoma?"

Alikuwa amesoma. Swali gumu lilikuwa amesomea wapi kwa macho ya chuo chake mwenyewe.

Nyar Seme alikuwa akisomea sayansi ya mazingira, na nafasi aliyoipata ilikuwa ya Erasmus, mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka 1987 kwa wanafunzi wa nchi 11 za huko. Tangu 2015 mlango ulifunguliwa kwa vyuo vya mabara mengine, ikiwemo Kenya. Utaratibu wake ni mzuri, lazima niseme. Mwanafunzi hatozwi karo na chuo kinachompokea, analipiwa nauli kwa kiwango cha umbali, na anapewa posho ya kila mwezi ya kati ya yuro 800 na 900 kutegemea nchi. Karo anaendelea kulipa nyumbani kama kawaida, na akirudi kozi zake zinatakiwa zihesabiwe kama alizosoma nyumbani. Hilo neno la mwisho ndilo lililoleta kesi.

Nyumbani kwao habari ilipokewa kwa hisia mbili. Babu yake alifurahi bila kujizuia. Kwa watu wa rika lake huku Nyanza, Ujerumani si mbali: enzi za Jaramogi Oginga Odinga vijana wengi walipelekwa kusoma nchi za mashariki ya Ulaya, na mtoto wake Raila alisomea uhandisi Magdeburg, iliyokuwa Ujerumani Mashariki wakati ule. Mama, kwa upande wake, alikuwa na wasiwasi. Ilikuwa katikati ya mwaka 2023, na redio zote zilikuwa zikizungumzia wazazi wa Uasin Gishu waliolipa mamia ya maelfu ya shilingi ili watoto wao wapelekwe Finland kupitia mpango wa kaunti, wakaishia kuandamana Eldoret wakidai pesa zao. Mama aliuliza mara kwa mara ni nani anayepokea pesa na ni akaunti gani. Alipoambiwa kwamba hakuna ada ya kulipa kwa mtu yeyote, wasiwasi ukazidi, maana cha bure ndicho kinachoogopesha zaidi.

Nayataja haya kwa sababu yalielekeza maswali yote ya familia upande mmoja. Waliuliza kama safari ni ya kweli. Waliuliza atalala wapi. Hakuna aliyeuliza akirudi atakuwa mwaka wa ngapi. Na mfano wa akina babu haukusaidia, kwa sababu wale wa miaka ya sitini waliondoka wakakaa miaka, wakarudi na digrii nzima mkononi. Hakuna idara ya Kenya iliyotakiwa kubadilisha alama zao. Anayekwenda kwa mabadilishano anachukua kipande cha digrii ya hapa na kwenda kukisomea kwingine, kisha anarudi kukishona kwenye nguo ileile. Kipimo cha kitambaa lazima kijulikane mapema.

Pasipoti aliipata Kisumu bila kufika Nairobi. Viza ilimlazimu kupanda basi la usiku hadi ubalozini, akajibu maswali, akarudi kwa basi la usiku uliofuata. Koti la baridi alilitoa kwa mama yake palepale Kibuye, zito, rangi ya majani makavu, likiwa bado na lebo ndani iliyoandikwa Kijerumani. Lilikuwa limekuja Kenya kwenye belo na sasa linarudishwa kwao kwa ndege. Nauli ndogondogo na pesa za wiki za kwanza zilitoka kwa chama cha akiba cha mama, kwa mkopo, kwa sababu posho huingia baada ya mtu kufika na kufungua akaunti ya benki kule. Mkopo huo ulilipwa kabla ya Krismasi. Upande wa fedha, kisa hiki ni safi kabisa.

Tuje kwenye kalenda, ambako ndiko kwenye kiini.

Mwaka wa masomo wa chuo chake huanza Septemba. Muhula wa kwanza huenda hadi Desemba, wa pili Januari hadi Aprili. Vyuo vikuu vya Ujerumani vina muhula wa baridi unaoanza rasmi 1 Oktoba na kumalizika 31 Machi, na wa kiangazi kutoka 1 Aprili hadi 30 Septemba. Masomo ya muhula wa baridi huanza kama katikati ya Oktoba, yanasimama kidogo wakati wa Krismasi, na kuendelea hadi mwanzo wa Februari. Mitihani hufanywa Februari. Ukiziweka kalenda hizi mbili kando kwa kando, unaona mara moja kwamba muhula mmoja wa Kijerumani umelalia mihula miwili ya Kikenya: unakula wa kwanza wote na kuuma nusu ya wa pili.

Hakuna siri hapo. Tarehe hizi zimo kwenye tovuti za vyuo vyote viwili. Lakini barua ya uteuzi iliandika "muhula mmoja", fomu ya ruhusa ikaandika "muhula mmoja", na mkuu wa idara akatia saini kwenye "muhula mmoja". Kila aliyesoma alielewa wa kwake.

Nyar Seme alirudi mwanzoni mwa Machi 2024. Wenzake walikuwa wiki ya tisa ya muhula wa wiki kumi na tano, na kanuni ya chuo inamtaka mwanafunzi ahudhurie angalau theluthi mbili ya masomo ndipo akubaliwe kufanya mtihani. Hata angelala darasani asingefikia. Na uniti, ndivyo tunavyoziita kozi huku kwetu, za muhula wa pili katika idara yake hufundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo kilichofuata ni kungoja Januari 2025. Tena alikuwa mwaka wa nne. Angekwenda akiwa mwaka wa tatu, uniti hizo angezibeba na kuzisoma pole pole pamoja na za mwaka wa nne. Mwaka wa mwisho hauna mwaka wa kubebea mzigo. Kwa hiyo mwaka wake ulipotea siku aliyochaguliwa, kwa tarehe tu, hata kabla ya alama yoyote. Mkopo wake wa masomo ulikuwa umepangiwa miaka minne, na huu wa tano mama aliubeba mwenyewe.

Hapa kuna jambo linaloniudhi kidogo. Muhula wa kiangazi wa Ujerumani, masomo kuanzia Aprili hadi katikati ya Julai na mitihani ikifuata hapohapo, unaangukia karibu wote kwenye likizo yetu ndefu. Ungegongana na wiki chache tu za mitihani ya Aprili, na kwa wiki chache mitihani maalumu ipo. Finland nayo muhula wa vuli huanza mwisho wa Agosti au Septemba na kufungwa kabla ya Krismasi, kana kwamba ulipangwa na mtu wa Kisumu. Nilipomuuliza Nyar Seme kwa nini alichagua Oktoba, alisema hakuchagua. Tangazo lilikuja Machi, likasema safari ni Oktoba, naye akaomba. Ndivyo wengi wanavyofanya, na ndivyo ningefanya mimi nikiwa na miaka ishirini na mbili.

Kalenda ilimla mwaka. Kilichomkosesha usingizi, hata hivyo, ni mkataba wa masomo.

Kila mwanafunzi wa Erasmus huondoka na mkataba huu, nao huwekwa saini na watatu: yeye, chuo kinachomtuma na chuo kinachompokea. Una majedwali mawili. La kwanza linataja kozi atakazosoma ugenini, na la pili linataja kile ambacho kozi hizo zitachukua nafasi yake nyumbani. Nimeushika mkataba wake. Jedwali la kwanza limejazwa vizuri, kozi tano, kila moja na krediti 6, jumla 30, ambazo ndizo za muhula mzima kwa hesabu ya Ulaya. Jedwali la pili lina mstari mmoja: "Mwaka wa 4, Muhula wa 1".

Muhula huo nyumbani una uniti saba.

Kozi tano zinachukua nafasi ya uniti zipi kati ya saba? Karatasi haisemi. Aliyetia saini upande wa nyumbani ni mkurugenzi wa ofisi ya ushirikiano wa kimataifa, mtu mwema kwa maelezo yote, aliyempigia msichana simu hata siku ya kuondoka kuhakikisha amefika uwanjani. Lakini alama katika vyuo vyetu hazipiti kwake. Zinapita bodi ya mitihani ya idara, zinapanda kwa kitivo, zinafika seneti. Mratibu wa mitihani, ambaye kila kitu kingetua mezani pake, hakuwahi kuuona mkataba hadi msichana alipompelekea mwenyewe miezi saba baadaye. Aliusoma, akavua miwani, akamwambia, "Nyathina, mwanangu, huyu alikuahidi kitu ambacho ni changu."

Kisha kukawa na mabadiliko. Wiki ya kwanza Ujerumani aligundua kwamba kozi moja kati ya tano ilikuwa imehamishiwa muhula wa kiangazi, na nyingine, iliyoorodheshwa kuwa ya Kiingereza, mhadhiri alianza kwa Kijerumani na akaendelea hivyohivyo. Hili ni la kawaida sana. Ndiyo maana mkataba una sehemu maalumu ya mabadiliko, ambayo nayo hutakiwa kusainiwa na wote watatu. Alichagua kozi mbili badala yake, moja ya usafishaji wa majitaka na nyingine ya kuchora ramani kwa kompyuta, chuo cha kule kikasaini siku iyo hiyo, naye akatuma fomu nyumbani kwa barua pepe. Haikujibiwa. Akatuma tena Novemba, kisha akaacha. Akaniambia, "Mwalimu, nilidhani kama hawajakataa basi wamekubali." Kwa ofisi zetu dhana hiyo ni ya hatari, ingawa namwelewa: alikuwa na miaka ishirini na mbili, giza lilikuwa likiingia saa kumi jioni, na kila wiki kulikuwa na karatasi nyingine ya kushughulikia.

Karatasi hizo za ugenini nazipitia haraka. Kujiandikisha makazi ndani ya wiki mbili. Bima ya afya ya zaidi ya yuro 120 kwa mwezi. Barua ya kudai yuro 18.36 za kila mwezi kwa ajili ya redio na televisheni za umma, ambayo aliidhania ya matapeli kwa kuwa hakuwa na redio wala televisheni, mpaka jirani Mturuki akamweleza kwamba hutozwa kila nyumba, uwe na chombo au usiwe nacho. Posho iliyoonekana kubwa ikigeuzwa shilingi, wakati yuro ilikuwa karibu shilingi 160, ilipunguka vizuri baada ya kodi ya chumba na bima, na huku nyumbani kulikuwa na watu walioshika hiyo hesabu ya kwanza tu. Alituma kidogo kwa ada ya mdogo wake. Jumapili maduka yalifungwa, akajifunza kununua vitu Jumamosi. Ugali aliupika kwa unga wa mahindi wa duka la Waafrika, mbaya, anasema, lakini ugali.

Darasani ndiko alikobadilika, na hili nimeliona kwa macho yangu katika maandishi yake. Kozi nyingi hazikuwa na mitihani midogo ya katikati ya muhula. Kulikuwa na mtihani mmoja wa mwisho wa asilimia mia, au kazi ya kuandika na kuitetea mbele ya wenzako. Miezi mitatu hakuna anayekuuliza umesoma nini. Alizoea kusoma kwa kusukumwa, na ile 3.0 ilitokana na kozi ambayo alingoja kusukumwa hadi Januari. Kwenye kozi ya majitaka walipelekwa kwenye mtambo wa mji, wakaonyeshwa hatua moja baada ya nyingine, na mhadhiri akamwuliza Kisumu wanafanyaje. Alijua kuna mtambo wa Kisat na mabwawa ya Nyalenda. Zaidi ya hapo hakujua, na aliona aibu, kwa sababu nyumba waliyopanga kwa miaka mingi iko kitongoji kinachopakana na mabwawa hayo. Aliporudi mradi wake wa mwaka wa mwisho ukawa juu ya mabwawa ya Nyalenda. Nimeusoma. Ni kazi nzuri.

Na kozi hiyo ya majitaka, ile ya 1.3, ndiyo idara iliyoikataa kwanza. Haikuwa kwenye mkataba waliosaini.

Matokeo yalitumwa na chuo cha Ujerumani mwezi Aprili, ndani ya wiki tano baada ya kutangazwa kama mkataba unavyotaka. Hapo ndipo kikokotoo kikafanya kazi yake. Baada ya kosa hilo kusahihishwa, kikao cha idara kilikaa juu ya mambo ambayo hayana mtu mwovu ndani yake, na naomba msomaji anivumilie kwa sababu ndipo penye utamu.

La kwanza ni saa. Idara hupima uniti kwa saa za darasani, 45 kwa uniti ya kawaida. Krediti ya Ulaya hupima kazi yote ya mwanafunzi, darasani, maktabani na chumbani kwake: saa 25 hadi 30 kwa kila krediti, na muhula ni krediti 30. Kwa hiyo kozi ya krediti 6 ni saa 150 hadi 180, lakini darasani huenda mtu akakaa 60 au pungufu. Mjumbe mmoja alisema kozi hizo ni nzito kuliko zetu, mwingine akasema ni nyepesi, na wote wawili walikuwa wanasoma mstari uleule.

La pili ni alama. Kuna kanuni ambayo Wajerumani wenyewe hutumia kugeuza alama za kigeni kuwa za kwao, inayoitwa kanuni ya Bavaria. Unachukua alama ya juu kabisa ya mfumo mmoja na ya chini kabisa ya kupita, unaona mwanafunzi amesimama wapi kati ya hizo mbili, na kumweka mahali palepale kwenye mfumo wa pili. Ukiigeuza ije upande wetu, juu 100 na chini 40, basi 1.3 inakuwa 94, 1.7 inakuwa 86, 2.0 inakuwa 80, 2.3 inakuwa 74, na 3.0 inakuwa 60. Cha kuchekesha ni kwamba ile 3.0 ilitoka 60 kwa kikokotoo cha mratibu na ikatoka 60 kwa kanuni pia.

Mratibu alikataa 94, na hapa namtetea. Kwetu A huanza 70, na katika idara nyingi mtu mwenye 80 huongelewa korido nzima. Mia iko kwenye karatasi, haimo darasani. Ukimpa mwanafunzi mmoja 94 kwa sababu ya kanuni, umewaonea wote waliobaki wakapambana kupata 72. Njia ya haki zaidi, na ndiyo mwongozo wa krediti za Ulaya unaoipendekeza, ni kutazama ni sehemu gani ya wanafunzi hupata kila alama. Karatasi za chuo cha Ujerumani zilikuwa na jedwali hilo nyuma, ambalo hakuna aliyekuwa amelitazama. Idara ililinganisha na matokeo yake ya miaka ya karibuni, ikafikia 76, 72, 68, 65 na 54. A mbili, B mbili, C moja. Nyar Seme alipoteza B aliyokuwa amepewa kwa makosa, na hakulalamika.

La tatu ni dogo na ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote. Mfumo wa kompyuta wa chuo haupokei alama moja. Unataka mbili: ya mitihani midogo, ile ambayo kila mwanafunzi Kenya anaiita CAT, kati ya 30, na ya mtihani mkuu kati ya 70. Ukiacha nafasi ya kwanza wazi, mwanafunzi anaonekana hana alama kabisa, ule ugonjwa sugu wa vyuo vyetu unaowafanya watu walie wiki ya mahafali. Kwa majuma mengi kwenye ukurasa wake kulikuwa na vistari vitano. Hatimaye karani wa mitihani, mama mmoja wa makamo ambaye hakualikwa kwenye kikao chochote, alipendekeza wagawanye kila alama kwa uwiano. 76 ikawa 23 na 53. Mfumo ukakubali, na hakuna mtihani wowote wa 23 uliowahi kufanyika popote duniani.

Uniti zikahesabiwa hivi. Kozi tatu za mkataba wa mwanzo zilichukua nafasi ya uniti tatu. Ya ramani ikachukua nafasi ya uniti inayofanana nayo. Ya majitaka, baada ya ubishi, ikaingia kama ya hiari. Uniti mbili za lazima zikabaki, akazisoma Septemba hadi Desemba 2024, halafu muhula wa pili Januari hadi Aprili 2025. Alivaa joho Desemba 2025, mwaka mmoja nyuma ya wenzake.

Sasa lawama. Wengi waliosikia kisa hiki humtupia mratibu, na mimi naona ndiye mwenye hatia ndogo kuliko wote. Aliletewa karatasi ngeni, bila maelezo, na mtu ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha yake ya masomo ya muhula ule. Msichana ana sehemu yake: fomu ya mabadiliko isiyo na saini ya tatu si fomu, na angeweza kumtuma mwenzake aliyebaki akaibeba kwa mkono hadi idarani. Lakini uzito mkubwa naupeleka kwenye ile saini ya mkurugenzi juu ya jedwali lenye mstari mmoja. Vyuo vinapoingia mpango huu huahidi kwa maandishi kwamba kozi zilizokubaliwa na ambazo mwanafunzi amefaulu zitatambuliwa zote, bila masharti ya nyongeza. Ahadi hiyo ina nguvu, na mwanafunzi anaweza kuisimamia. Ila ikiwa jedwali halikutaja uniti hata moja, huna cha kusimamia. Mratibu angeshirikishwa Agosti 2023 kwa saa moja, zile uniti mbili za lazima zingeonekana siku hiyohiyo, na pengine zingetafutiwa kozi mahali pake.

Mwenzangu mmoja ana maoni tofauti. Anasema tuache kujidanganya kwamba muhula wa baridi wa Ujerumani unaweza kuingia kwenye kalenda yetu: mwanafunzi achukue likizo ya masomo ya mwaka mzima, aende, asome anachopenda, akirudi aendelee alipoachia, asibadilishiwe alama yoyote. Ni njia ya ukweli. Kwa mtoto wa mwenye kibanda Kibuye, mwaka mmoja ni kodi ya nyumba ya mwaka mmoja na mshahara wa kwanza uliochelewa mwaka mmoja, lakini angalau angeambiwa bei mapema na kuamua. Nyar Seme anasema angekwenda hata angeambiwa. Mama yake anasema asingemruhusu. Walibishana mbele yangu, nami nikanyamaza.

Idara sasa ina jedwali la kubadilisha alama, limebandikwa ndani ya mlango wa ofisi ya mratibu, na fomu ya kuondoka haisainiwi bila majina na namba za uniti upande wa nyumbani. Kalenda haijaguswa na mtu. Mwanafunzi aliyeteuliwa baada yake, wa mwaka wa tatu, aliandikiwa Oktoba kama kawaida. Mratibu alimwita, akamchorea mihula miwili kwenye karatasi, naye akaandika kuomba aende Aprili. Chuo cha Ujerumani kimesema kitaangalia kama kozi za Kiingereza za kiangazi zinatosha kufika krediti 30. Hadi sasa kimepata tatu, yaani krediti 18, na ofisi ya ushirikiano inamshauri achukue Oktoba asije akakosa nafasi.